Kasoro au Ombi? Sarufi ya Kumwandikia Mtengenezaji wa Programu

Mtumiaji wa programu ya kupangia kazi humwandikia mtengenezaji kwa sababu mbili: kuripoti kasoro au kuomba nyongeza. Kasoro ni pale programu inapokiuka ilichoahidi. Nyongeza ni jambo ambalo haikuahidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili yatosha kuzitenganisha.

Tuchukue mfano. Kikundi chetu kilipanga kurekodi ushairi wa mzee mmoja wa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, Jumamosi saa 2 asubuhi. Mwenzetu aliandika 02:00. Kengele ililia usiku wa manane, asubuhi ikanyamaza. Tulipofika, mzee alikuwa amekwisha kwenda shambani. Kwa hasira tukaandika: "Programu yenu ni mbovu, imetuharibia kazi." Sentensi hiyo ina hukumu lakini haina tukio; mtengenezaji hana pa kushika.

Taarifa ya kasoro hufuata usimulizi. Kiambishi -li- hufungua, -ka- hufuatanisha hatua: "Niliandika 02:00, nikachagua Jumamosi, nikahifadhi, kengele ikalia saa 8 usiku. Nilitarajia ilie saa 2 asubuhi." Tulipoandika hivyo ndipo tulipobaini kwamba programu haikukosea. Katika saa ya kimataifa, 02:00 ndiyo saa 8 usiku. Sisi huhesabu tangu macheo, hivyo saa 2 asubuhi ni 08:00. Tofauti ni saa 6.

Kwa hiyo lililofaa ni ombi, nalo hudai kiishio -e: "Tunaomba programu impe mtumiaji hiari ya saa ya Kiswahili, ili aandikapo saa 2 asubuhi isome 08:00."

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hatua hiyo ilitupa istilahi. Hata hivyo, menyu yaweza kuwa ya Kiswahili na saa ikabaki ya kigeni. Pengo hilo halitazibwa na asiyelijua. Sharti sisi wenye lugha tuliombe, na tuliombe kwa sentensi inayoeleweka.

Zoezi: Ipi ni kasoro, ipi ni ombi? (a) Nilifuta kazi moja, zikafutika zote. (b) Wiki ianze Jumamosi. Eleza kwa kuzingatia viambishi.