Fumbo Katika Tarakilishi: Uvurugaji wa Mtiririko wa Maagizo ya Programu

Utangulizi

Makala haya yanadai kwamba watungaji wa programu za tarakilishi hufumba kama wafumbavyo washairi, na kwamba fumbo lao lina udhaifu uleule wa fumbo la lugha.

Programu huandikwa kwa lugha inayosomeka na binadamu, kisha hutafsiriwa kuwa maagizo ya mashine. Hata hivyo, mtaalamu anaweza kuyafuata maagizo hayo moja baada ya jingine na kuing'amua siri ya mtungaji. Ili kumzuia, mtiririko wa maagizo huvurugwa huku matokeo yakibaki yaleyale. Wenyeji wa pwani wana ufundi unaokaribiana na huu. Katika kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa, kitabu kikawa bukita. Mpangilio hupinduliwa, maana ikabaki.

Mbinu Mbili

Mbinu ya kwanza ni usawazishaji, ulioelezwa na Chenxi Wang katika tasnifu yake ya mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Tuchukue mfano wa abiria atokaye Kakamega kwenda Kisumu kupitia Khayega, Chavakali na Mbale. Tuseme kila afikapo kituo kimoja hurudishwa Kakamega, ambako karani huisoma namba ya tiketi yake na kumtuma kituo kinachofuata. Hatimaye atafika Kisumu. Lakini aitazamaye ramani huona tu njia nyingi zitokazo Kakamega na kurejea Kakamega. Utaratibu wa safari umefichwa katika namba za tiketi.

Mbinu ya pili ni sharti fiche, iliyofafanuliwa na Collberg, Thomborson na Low wa Auckland, New Zealand, mwaka 1998. Programu huuliza: namba nzima ikizidishwa kwa ile inayoifuata, je, jibu ni shufwa? Mara 7 kwa 8 ni 56. 8 kwa 9 ni 72. Jibu ni ndiyo daima, kwa kuwa katika namba mbili zinazofuatana moja lazima iwe shufwa. Njia ya "siyo" haipitwi kamwe, ila mchunguzi asiyelitambua hilo huishughulikia bure.

Mipaka ya Fumbo

Fumbo huhitaji wa kulifumbua. Hapa mfumbuaji ni mashine, ambayo sharti iyatekeleze maagizo. Mpelelezi mvumilivu huitazama ikitenda, akanakili kila hatua na kuuunga msuko upya. Mwaka 2001, Boaz Barak na wenzake walithibitisha kihisabati kwamba hakuna njia moja iwezayo kuzificha programu zote kikamilifu. Hivyo basi, nywila iliyoachwa ndani ya programu haisalimiki kwa kuvurugiwa njia. Mwizi hucheleweshwa tu. Isitoshe, watunga virusi nao hujificha kwa mbinu hizihizi, na mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuwatofautisha na mwenye mali halali.

Hitimisho

Wahenga walinena: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Mtungaji wa programu ahesabu kwamba mwerevu yupo, na siri zake azihifadhi kwingine. Naye mwanafunzi wa Kiswahili, mwenye fumbo, kinyume na msuko katika msamiati wake, ana zana za kuieleza taaluma hii.