“Ulipataka ngapi?”: Alama za Shule na Kuridhika kwa Kijana

Siku matokeo ya mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exétat, yanapotoka, hakuna haja ya kuuliza nani amefaulu. Waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani na kuzunguka mtaani wakiimba. Asiye na poda anajificha nyumbani. Ukiwauliza wote wawili siku hiyo kama wanaridhika na maisha yao, majibu yatakuwa mbalimbali sana. Lakini utakuwa umepima siku tu, hujapima maisha.

Ndiyo maana wachunguzi wa jambo hili huwarudia vijana wale wale baada ya miezi au miaka. Bila hivyo hatujui kama alama nzuri ndizo zinazoleta kuridhika, au kijana aliyeridhika ndiye anayesoma vizuri, au nyumba yenye amani inazaa yote mawili.

Kipimo kimoja kinachotumika sana, cha Mmarekani Scott Huebner (1991), kina sentensi saba. Hakuna hata moja inayotaja shule. Kazi kwetu ni kukitafsiri. “Nimeridhika” husemwa pia na mtu aliyekubali yaishe. “Nimetosheka” inaelekea kwenye kiasi: chakula, pesa. Kijana aliyekata tamaa anaweza kujibu “nimeridhika” bila kudanganya, na mchunguzi akaandika kwamba ana furaha!

Halafu kuna wakati wa kitenzi. Siku ya matokeo watu huuliza: “Umepata ngapi?” Miaka inapita, na katika Kiswahili chetu cha Kongo swali linapata kiambishi -aka, cha mambo ya zamani: “Ulipataka ngapi?” Kisarufi, jambo limekwisha. Katika maisha halijakwisha, kwa sababu asilimia imeandikwa kwenye diploma yenyewe, na anayeuliza anataka kujua wewe ni nani leo. Mimi nina miaka 24 na bado naulizwa. Aliyepata 51 hujibu kwa sauti ya chini, hata kama chuoni sasa anawapita wenye 70.

Kwa hiyo, tukienda kuwahoji vijana, tusiandike alama peke yake. Tuandike pia ni nani nyumbani anayeendelea kuitaja, kwa kitenzi gani, na miaka mingapi baada ya poda kuoshwa.