Mnara wa Taa wa Chumbe

Sisi tukaao Mbeya na Iringa twajua kwamba jiwe halina uhai. Ukilikanyaga jiwe la Mlima Rungwe, haliumii. Lakini msafiri ashukaye pwani akavuka mpaka Unguja, kisha akapanda mashua kwenda kisiwa cha Chumbe, atakuta huko miamba iliyo hai.

Chumbe ni kisiwa kidogo, urefu wake kilometa moja na kitu, nacho ki kusini-magharibi ya mji wa Unguja, yapata kilometa 12. Hapo umesimama mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, ili vyombo vipitavyo usiku visipande mwamba. Ukiwa juu yake utaona msitu uliomea juu ya mawe matupu. Kisima hakuna, maji hukingwa ya mvua. Msituni mna kaa wakubwa ajabu, wakwea miti, ambao gando lao huvunja nazi. (Usimpe kidole!) Na upande wa magharibi, chini ya maji maangavu, yako matumbawe.

Tumbawe ni kazi ya wanyama wadogo sana wajijengeao nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi, polepole mno. Mguu mmoja ukikanyaga waweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Samaki wachanga hujificha humo hata wakue; matumbawe yakifa, mvuvi huinua dema tupu.

Mbona ya Chumbe yalisalia? Njia ya meli hupita karibu, kwa hiyo wavuvi walikuwa wamekatazwa kuvua hapo. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikapafanya kuwa hifadhi. Wavuvi wa vijiji vya karibu wakafundishwa kuwa walinzi, wala hawakupewa bunduki. Mlinzi humwendea mvuvi mwenziwe wakazungumza, akamweleza kwamba samaki wakijaa ndani ya hifadhi hutoka nje, naye atawapata huko. Naona neno la mvuvi kwa mvuvi lina nguvu kuliko risasi.

Lakini yuko adui asiyesikia neno, nalo ni joto. Ndani ya tumbawe hukaa vijimea vidogo mno vinavyolilisha na kulipa rangi. Bahari ikizidi joto, tumbawe huvitoa, likawa jeupe. Na joto likidumu, hufa kwa njaa. Ndivyo matumbawe mengi ya pwani yetu yalivyopatwa mwaka 1998, na tena mwaka 2016, hata yale ya Chumbe yaliyolindwa vema.