Somo la 9: Mimea ya Majini katika Tangi la Darasa

Katika somo lililotangulia mlijifunza jinsi mbegu inavyoota. Lakini mkulima wa muhogo hapandi mbegu. Hukata pingili akazifukia ardhini. Viazi vitamu hupandwa kwa marando, na mgomba kwa machipukizi yatokayo ubavuni mwake. Mimea mingi ya majini nayo huzaana kwa njia hii. Sasa mtatengeneza bustani ndogo ndani ya tangi la kioo, na mtaona jinsi mmea mmoja unavyozaa mingine bila mbegu.

Vifaa

Tafuteni tangi la kioo liwezalo kuchukua lita 20 hivi. Kama shule haina tangi, chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana yafaa. Mtahitaji pia mchanga wa mtoni, mawe matatu au manne, sahani, mkasi, uzi, ndoo mbili, na mimea ya aina mbili iotayo katika maziwa na mabwawa yetu.

Mmea wa kwanza una majani marefu, membamba kama utepe, yanayotoka pamoja chini kabisa karibu na mizizi. Huitwa valisneria. Wa pili una shina refu lenye majani madogo kama nyuzi, yaliyolizunguka pande zote mfano wa mkia wa paka aliyeshtuka. Huo huitwa seratofilamu. Utazameni vizuri: hauna mizizi hata kidogo.

Hadhari

Msiingie bwawani wala mtoni kutafuta mimea. Katika maji mengi ya nchi yetu wamo konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hao hupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Mwalimu ataivuta mimea kwa reki ndefu akiwa ukingoni, naye atavaa glavu za mpira. Mimea iwekwe katika ndoo ya maji safi. Kila konokono atakayeonekana atolewe kwa kijiko, pamoja na mayai yake, ambayo hufanana na matone ya utelezi yaliyonata juu ya majani. Kisha ndoo ikae siku mbili kamili bila kuguswa. Vijidudu wa kichocho wakishatoka katika konokono hawaishi majini zaidi ya muda huo.

Kutayarisha tangi

Osheni mchanga mara nyingi, mpaka maji yanayomwagika yawe meupe. Kazi hii huchosha, lakini mchanga usiooshwa vizuri hulichafua tangi kwa siku nyingi. Utandazeni kwa kina cha sentimita 5 mbele na sentimita 8 nyuma. Wekeni sahani juu ya mchanga na mmimine maji polepole juu ya sahani, ili mchanga usichimbuke. Maji ya bomba yaacheni wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia, dawa iliyomo ipungue.

Kupanga mimea

Panda valisneria nyuma, miche minne au mitano, ikiachana kwa upana wa vidole vitatu. Toboa mchanga kwa kidole, shusha mizizi, kisha funika. Angalieni sana jambo moja: mahali majani yanapoungana na mizizi pasifunikwe, kwa maana mche uliozikwa hadi hapo huoza. Ukiona umeuzika, uvute juu kidogo.

Seratofilamu haipandwi mchangani. Fungeni mashina mawili kwa uzi kwenye jiwe, mliweke pembeni. Mbele pabaki wazi, ili mpate kuona ndani na samaki wapate pa kuogelea. Wekeni tangi karibu na dirisha, lakini si mahali pa jua kali. Jua likizidi, mwani hustawi, na maji yakawa ya kijani kama mchuzi wa kunde.

Baada ya wiki tatu mnaweza kutia samaki wadogo wawili. Msitie watoto wa perege. Hao hula mimea na kuchimbua mchanga, na kazi yenu yote itaharibika.

Kuzalisha mimea

Kateni shina la seratofilamu vipande vya sentimita 10. Kila kipande kitaendelea kukua kikiwa peke yake. Pimeni urefu wake kwa rula kila Ijumaa, na mwandike katika daftari.

Valisneria hufanya namna nyingine. Mmea mama hutoa shina litambaalo juu ya mchanga, na mwisho wa shina hilo huchipua mche mdogo. Mche nao ukikua hutoa shina lake, mpaka mistari ya mimea ienee tangi zima. Msiwe na haraka ya kutenganisha mtoto na mama. Ngojeni awe na majani manne au matano na mizizi yake mwenyewe, ndipo mkate shina kwa mkasi na kumhamisha.

Tangi na ziwa

Tangi likijaa, mimea ya ziada mtaitupa wapi? Kabla ya kujibu, fikirini habari za Ziwa Victoria. Gugu maji lenye maua ya zambarau asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako watu walilichukua kwa uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika ziwa hilo. Gugu hili nalo hutoa mashina yatambaayo, kama valisneria, na katika hali nzuri huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari. Mitumbwi ilikwama, nyavu zilinasa, na samaki walikosa hewa chini ya zulia lile la majani. Watu waliling'oa kwa mikono na kwa mashine. Tanzania, Kenya na Uganda zilileta pia fukusi wanaokula gugu hilo, nalo likapungua sana, ingawa halijakwisha.

Basi mimea ya ziada ianikeni juani hadi ikauke kabisa, kisha itieni katika shimo la mbolea. Maji ya tangi mwagilieni bustani ya shule, mbali na mto na mfereji.

Mazoezi

1. Tia kipande cha seratofilamu katika bilauri ya maji, mahali penye jua. Hesabu mapovu yanayotoka kwa dakika moja. Hamishia bilauri kivulini, ngoja dakika tano, uhesabu tena. Kwa nini hesabu hizi hazilingani?

2. Taja mimea mitatu ya shambani kwenu inayopandwa bila mbegu. Ni sehemu gani ya kila mmea inayopandwa?

3. Gugu maji moja likiwa mawili kila baada ya wiki mbili, yatakuwa mangapi baada ya wiki 20?

4. Mwenzako anataka kumwaga mimea ya tangi mtoni. Mwandikie barua fupi kumweleza yanayoweza kutokea.