SOMO LA AFYA: Presha ya Jicho Inayokuja na Kuondoka

Wengi wetu tunaijua glakoma, yaani presha ya jicho, kama ugonjwa wa wazee. Leo tujifunze aina moja ya nadra inayowapata hasa watu wa miaka 20 hadi 50. Inaitwa ugonjwa wa Posner-Schlossman, kwa majina ya madaktari wawili walioueleza huko Marekani mwaka 1948.

Unatokeaje? Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Jicho likivimba kidogo kwa ndani, maji hayatoki vizuri, na presha inapanda. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Wakati wa shambulio inaweza kufika 40 hadi 60.

Dalili zake:
1. Hushika jicho moja, na kwa kawaida hurudia lile lile.
2. Mgonjwa huona ukungu, na duara za rangi kuzunguka taa.
3. Maumivu ni kidogo, na jicho haliwi jekundu sana.
4. Hudumu saa chache hadi wiki kadhaa, huondoka, halafu hurudi.

Daktari anautambuaje? Anapima presha ya jicho. Kwa darubini anatafuta madoa madogo nyuma ya kioo cha mbele cha jicho. Kisha anaangalia pembe ambamo maji hutokea: katika ugonjwa huu iko wazi. Ikiwa imefungwa ghafla, hiyo ni glakoma nyingine, yenye maumivu makali, jicho jekundu na kutapika. Hiyo ni dharura; mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Tuwe waangalifu. Shambulio likiisha, presha hurudi kawaida. Ukienda kupimwa siku hiyo, unaweza kuambiwa jicho ni zima. Lakini mashambulio yakirudia huweza kuharibu mshipa wa kuonea, na mshipa huo ukiharibika hauponi tena. Basi:
- Nenda zahanati wakati ukungu bado upo.
- Andika tarehe, jicho gani, na siku ngapi. Mwonyeshe mganga.
- Usitumie matone ya jirani au ya sokoni. Yapo matone ya steroidi ambayo daktari huyatumia kupunguza uvimbe huu, lakini bila kupimwa yanaweza yenyewe kupandisha presha.

Swali la kujadili nyumbani: Kwa nini jicho lililopona lenyewe bado linahitaji kupimwa?