Pampu ya Kisima: Soma Karatasi ya Majaribio Kabla ya Bei

Biashara ya kuuza maji ya visima virefu imewavuta wawekezaji wadogo wengi wa Dar es Salaam, hasa pembezoni mwa jiji ambako maji ya bomba huja kwa zamu au hayajafika. Sehemu kubwa ya mtaji huishia kwenye kuchimba. Kinachobaki ndicho hununua pampu, na hapo wengi huharibu hesabu yote: huingia katika maduka ya Kariakoo wakiulizia bei na nguvu ya mota, kabla ya kujua kisima chao kinatoa maji kiasi gani.

Pampu inayokaa juu ya ardhi haifai kwa kisima kirefu. Hutegemea mgandamizo wa hewa, ambao hata kwa nadharia hauinui maji zaidi ya mita 10 hivi. Kwa vitendo ni 7 au 8. Pampu ya kuzamisha haivuti, inasukuma. Mota iko chini, na juu yake visukuma maji vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiongeza msukumo.

Mathalani, pana kisima chenye kina cha mita 90. Maji yakitulia yako mita 30 kutoka juu. Katika majaribio, yakitolewa lita 2,500 kwa saa, hushuka hadi mita 62 na kusimama hapo. Tangi liko kwenye mnara wa mita 8, na msuguano wa bomba unakula kama mita 5. Pampu inayotakiwa ni ya kutoa lita 2,500 kwa saa ikisukuma mita 75. Hesabu haifuati mita 90 za uchimbaji, wala mita 30 za maji yaliyotulia.

Kibati cha pampu nacho kina mtego. Kikisema mita 120 na lita 6,000 kwa saa, mnunuzi hudhani atapata vyote viwili. La hasha. Kwenye mita 120 pampu hiyo haitoi hata tone, na lita 6,000 hupatikana pale tu ambapo karibu hakuna cha kuinua. Jibu liko katika mchoro wa mtengenezaji, unaoonyesha lita zinazotoka kwa kila urefu. Muuzaji asiye na mchoro huo anauza kwa kukisia.

Umeme wenyewe si mzigo mkubwa kama inavyodhaniwa. Ikiwa asilimia 40 ya umeme ndiyo inayoishia kuinua maji, lita 1,000 kwa mita 75 hutumia takriban nusu uniti. Hizo ni ndoo 50 za lita 20. Hasara ya kweli ni mota kuungua.

Nayo huungua zaidi kwa tamaa. Mwenye kisima cha lita 2,500 hufunga pampu ya lita 5,000 ili ajaze tangi upesi. Maji hushuka hadi kwenye pampu, ikaanza kumeza hewa. Mota hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Yakikosekana, inapata joto na kuungua. Hapo mafundi huitwa kuvuta mabomba yote juu, na wateja huhamia kwa jirani. Swichi ya kuzima pampu maji yanapopungua ni gharama ndogo mbele ya hasara hiyo. Umeme hafifu pia huunguza mota, na waya mwembamba kwenye kina kirefu huzidisha tatizo.

Tarehe ya majaribio nayo itazamwe. Kisima kilichopimwa masika huonekana tajiri kuliko kitakavyokuwa mwisho wa kiangazi.

Karibu na pwani kuna hatari nyingine, ambayo hakuna swichi ya kuitibu. Maji yakivutwa kupita kiasi, ya bahari husogea chini ya ardhi na kisima huanza kutoa chumvi. Pampu huliwa na kutu, lakini hilo ni dogo, kwani maji yenyewe hayauziki tena. Hii ni sababu mojawapo ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 kudai kibali cha kutumia maji, ambacho kwa Dar es Salaam hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Anayenunua kiwanja chenye kisima tayari adai kuonyeshwa kibali hicho pamoja na karatasi ya majaribio, kabla ya kuzungumzia bei.