Ijue Chokaa: Faida Zake, Hatari Zake na Namna ya Kuizima kwa Usalama

Kuta za Mji wa Kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hadi leo, chokaa ni mahitaji ya lazima katika ukarabati wa nyumba hizo. Hata hivyo, chokaa ambayo haijazimwa inaweza kumpofusha mtu au kusababisha moto. Makala hii inaeleza tabia zake na jinsi ya kujikinga.

Chokaa hutokana na nini?

Matumbawe na mawe ya chokaa ni kaboneti ya kalsiamu. Yakichomwa katika tanuu hadi kufikia joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na kubaki oksaidi ya kalsiamu (CaO), yaani chokaa isiyozimwa. Kilo 100 za jiwe safi hutoa takriban kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizosalia hupaa hewani zikiwa gesi. Ndiyo maana jiwe lililoiva huwa jepesi. Ambalo halikuiva hubaki na kiini kigumu kisichozimika.

Nini hutokea inapozimwa?

Chokaa ikikutana na maji hufoka, huvimba, hupasuka na kutoa mvuke. Hugeuka kuwa hidroksaidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa. Kwa hesabu, kilo 56 za chokaa huhitaji lita 18 za maji. Katika kazi halisi huhitajika maji mengi zaidi, kwa sababu sehemu yake huchemka na kupotea.

Chokaa haina budi kuzimika kabisa kabla ya kutumiwa. Punje ambazo hazijazimika zikiingia ukutani huendelea kunyonya unyevu, huvimba na kubandua plasta miezi kadhaa baadaye.

Ukutani, chokaa hukauka, kisha hufyonza kaboni dioksaidi kutoka hewani polepole na kurudi kuwa kaboneti ya kalsiamu, kama lilivyokuwa jiwe la awali. Plasta ya chokaa pia hupitisha unyevu. Saruji nzito ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huharibika.

Tahadhari kwa mafundi na wenye nyumba

1. Tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya lundo la chokaa, kwani yatachemka ghafla na kuruka.
2. Usizimie chokaa katika beseni la plastiki, ambalo huweza kuyeyuka, wala katika chombo kilichofunikwa. Epuka pia sufuria za alumini, kwa kuwa chokaa hula madini hayo na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka.
3. Vaa miwani ya kazi, glavu za mpira, viatu vya kufunika mguu na barakoa.
4. Hifadhi magunia mahali pakavu, mbali na makuti, nyasi na mbao. Mvua ikivuja juu yake, joto linalotokea laweza kuwasha moto.
5. Zungushia ua shimo la kuzimia. Watoto wasikaribie, hata baada ya chokaa kupoa, kwani bado inaunguza ngozi.

Huduma ya kwanza

Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, ukiwa umefungua kope, kisha mpeleke mgonjwa hospitalini bila kuchelewa. Usitie ndimu wala siki kwa nia ya kuivunja nguvu. Kuchanganyika kwake na chokaa huzalisha joto na kuongeza jeraha.

Unga ukimwagikia ngozi, upanguse kwanza ukiwa mkavu, vua nguo zilizochafuka, halafu osha kwa maji mengi. Aliyemeza asitapishwe. Asukutue kinywa kwa maji na apelekwe hospitalini.

Wakazi wanaofanya ukarabati wanahimizwa kuweka pipa la maji safi karibu na mahali pa kazi kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa. Chokaa ikiingia jichoni, hakuna muda wa kwenda kuyatafuta.